Baada ya Amazon Linux 2: tuchague mfumo gani wa kubebea makontena?

Tarehe 26 Novemba 2025 Amazon iliacha kutoa imeji mpya za Amazon Linux 2 kwa watumiaji wa EKS, huduma yake ya Kubernetes. Toleo la 1.32 la Kubernetes ndilo la mwisho kupata imeji hizo. Kuanzia 1.33, anayetaka imeji ya Linux iliyoandaliwa na Amazon yenyewe ana njia mbili: Amazon Linux 2023 au Bottlerocket. Taarifa ilitolewa mapema, lakini haikuzuia watu kuchanganyikiwa. Wako walioichukua Bottlerocket wakidhani ni Linux ileile iliyopunguzwa uzito, wakakuta haina SSH, haina yum, hata bash haipo. Wako walioambiwa na mkaguzi kwamba ni salama zaidi, wakahamia bila kuuliza salama dhidi ya nini. Na wako wanaouliza swali la msingi kuliko yote: ikiwa kontena linafanya kazi popote, kwa nini liundiwe mfumo endeshi wake?

Swali hilo la tatu ndilo lenye ufunguo wa mengine mawili, kwa hiyo tuanze nalo.

Mifumo hii ilitoka wapi

Kontena si kompyuta ndogo ndani ya kompyuta kubwa. Ni mchakato wa kawaida ambao kerneli imeuzungushia uzio: unaona faili zake tu, mtandao wake tu, na unatumia kumbukumbu kwa kiasi ulichopangiwa. Maktaba zote ambazo programu inazihitaji zimo ndani ya imeji yake. Docker ilipoisambaza namna hii ya kufanya kazi kuanzia 2013, sehemu kubwa ya vitu vilivyokuwa kwenye seva ilibaki haina wa kumtumikia. Seva ya Linux ya kawaida ina mamia ya vifurushi, na kila kimoja kinadai kusasishwa na kinaweza kuwa na tundu. Kama programu imekuja na Python yake, ile Python iliyoko kwenye seva inabaki kuwa mzigo.

Kampuni ya CoreOS, iliyoanzishwa mwaka huohuo wa 2013, ililichukulia jambo hili kwa uzito. Ilichukua msingi wa ChromeOS, mfumo wa kompyuta za mkononi za Google, kwa sababu ulikuwa na sifa moja muhimu: unajisasisha wenyewe bila kumwomba mtu ruhusa. Diski inabeba nakala mbili za mfumo. Moja inatumika, nyingine inapokea toleo jipya, na mashine ikiwashwa upya zinapokezana. Google nayo ilijenga Container-Optimized OS yake juu ya ChromiumOS. Red Hat ilikuwa na Atomic Host, kisha Januari 2018 ikatangaza kuinunua CoreOS kwa dola milioni 250.

Kilichofuata kinafaa kukumbukwa na kila anayechagua leo. Tarehe 26 Mei 2020 Container Linux, jina ambalo mfumo wa CoreOS ulikuwa ukilitumia wakati huo, ulifikia mwisho wa maisha yake. Walioutegemea walilazimika kwenda Fedora CoreOS, ambayo haikuwa mrithi wa moja kwa moja kiufundi, au Flatcar, tawi lililokwishaanzishwa mwaka 2018 na kampuni ya Kinvolk ya Berlin. Bottlerocket ilitangazwa katikati ya pilikapilika hizo, Machi 2020, na ikatolewa rasmi kwa matumizi ya kazi Agosti mwaka huo. Talos Linux ya Sidero Labs nayo imejipatia wafuasi wake, hasa miongoni mwa wanaoendesha Kubernetes kwenye mashine zao wenyewe.

Kipya ni kipi hasa

Matangazo ya mifumo hii hujaa orodha ndefu. Ukichuja, mambo yenye uzito ni machache.

La kwanza ni jinsi mfumo unavyosasishwa. Kwenye Linux ya kawaida, sasisho ni mlolongo wa vifurushi vinavyobadilishwa kimoja kimoja. Umeme ukikatika katikati, au kifurushi kimoja kikigoma, seva inabaki nusu mpya nusu ya zamani. Kwenye Bottlerocket hakuna hali ya katikati. Toleo jipya linaandikwa lote kwenye ile sehemu ya diski isiyotumika, saini zake zinahakikiwa, mashine inawashwa upya. Toleo jipya likishindwa kuwaka, mashine inarudi yenyewe kwenye la zamani. Tena masasisho hutolewa kwa mawimbi, si seva zote duniani kwa siku moja, ili kasoro ikijitokeza iwe imegusa wachache.

La pili ni diski ya mfumo isiyoandikika. Bottlerocket hutumia dm-verity: kila kipande cha diski kina alama yake ya hisabati, na kerneli huilinganisha kila inaposoma. Mtu akichezea hata baiti moja, mashine inajiwasha upya badala ya kuendelea na data isiyoaminika. Folda ya /etc, ambako wahandisi wamezoea kurekebisha mambo, iko kwenye kumbukumbu ya muda na hutengenezwa upya kila mashine inapowaka. Mipangilio halisi huhifadhiwa kwingine na hubadilishwa kupitia API. Aina za Bottlerocket zilizoanza na Kubernetes 1.28 zimeongeza Secure Boot, kwa hiyo uhakiki huanza kabla hata kerneli haijaamka.

La tatu ndilo linalozua kelele: kuondolewa kwa dirisha la amri. Inafaa kulitazama kwa karibu, maana wengi wanaolibishania hawajalitumia.

Chukua nodi, yaani seva ya klasta ya Kubernetes, iliyoanza kukataa podi (vikundi vya makontena) usiku wa manane. Kwenye Amazon Linux 2 mhandisi anaingia kwa SSH, anasoma journalctl, anasakinisha tcpdump kwa yum, anarekebisha mstari mmoja kwenye faili ya kubelet, anaianzisha upya, anarudi kulala. Kwenye Bottlerocket anafungua kikao kupitia huduma ya SSM ya Amazon. Kikao kinamfikisha kwenye kontena la udhibiti, ambalo lina zana chache. Akihitaji zaidi, anaandika `enable-admin-container`, kisha `enter-admin-container`. Sasa yuko kwenye kontena la msimamizi, ambalo kwa kawaida huwa limezimwa. Akitaka kuufikia mfumo wenyewe, anaongeza `sudo sheltie`. Mlango upo, lakini ni wa tatu kutoka barazani. Makontena haya ya usimamizi yanaendeshwa na containerd (programu inayosimamia makontena) ya pekee, tofauti na ile inayobeba podi, kwa hiyo ile ya podi ikifa bado kuna njia ya kuingia. Ila marekebisho yoyote atakayoyafanya ndani ya /etc yatafutika mashine ikiwashwa upya.

Hapo ndipo kambi mbili zinapoachana. Kambi moja inaona kufutika huko kuwa kasoro, nyingine inasema hiyo ndiyo sababu ya mfumo kuwepo.

Hoja ya usalama na mipaka yake

Wanaoitetea mifumo hii wana ushahidi mzuri. Februari 2019 lilifichuliwa tundu kwenye runc, programu inayoanzisha makontena karibu kila mahali, lililopewa namba CVE-2019-5736. Kontena lenye nia mbaya liliweza kuandika juu ya faili ya runc kwenye seva na kuitawala seva nzima. Google ilieleza kwamba nodi za Ubuntu kwenye GKE, huduma yake ya Kubernetes, zimeathirika, na za Container-Optimized OS hazikuathirika. Mfumo ambao faili zake haziandikiki unaliziba shambulio la namna hiyo kabla halijajulikana. Huu ni ulinzi wa kweli.

Julai 2024 likaja tundu la OpenSSH, CVE-2024-6387, lililoweza kumpa mtu wa nje mamlaka ya juu kabisa bila nywila. Talos haina huduma hiyo kabisa. Bottlerocket haina kwenye mfumo wenyewe. Iliyopo imo ndani ya kontena la msimamizi. Usichokuwa nacho hakivuji. Hata hivyo mfano huu una kejeli yake: Amazon Linux 2 nayo haikuathirika, kwa sababu OpenSSH yake ilikuwa kuukuu mno kiasi cha kutolikuta tundu hilo, ilhali Amazon Linux 2023 iliathirika.

Mipaka ya hoja hii inaonekana kwenye tundu jingine la runc, CVE-2024-21626, lililotangazwa mwisho wa Januari 2024. Safari hii mshambuliaji alipitia kiungo cha faili kilichosahaulika wazi wakati kontena linaanzishwa. Mifumo ya makontena nayo ilibidi isasishwe kama mingine. Na zaidi ya runc kuna kerneli, ambayo makontena yote ya mashine moja huishiriki. Tundu la kerneli haliulizi kama seva ina bash.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji sana. Udhaifu mwingi unaokutwa kwenye klasta za kawaida haumo kwenye mfumo endeshi, umo ndani ya imeji za programu zenyewe: maktaba za miaka mitatu iliyopita, nywila zilizosahaulika, kontena linaloendeshwa kama root bila sababu. Timu inaweza kuhamia Bottlerocket Jumatatu na kuendelea kusambaza imeji hizohizo Jumanne. Mkaguzi anayeandika "salama" kwa kuona jina la mfumo endeshi peke yake hajamaliza kazi yake.

Hoja ya wanaosita

Wanaosita mara nyingi huonekana kama watu wa zamani wasiotaka kuachana na SSH. Si haki. Hoja zao tatu zinastahili kujibiwa.

Kwanza, zana za lazima. Taasisi nyingi, hasa za fedha, zina sera inayotaka programu ya kupambana na virusi au ya kufuatilia mabadiliko ya faili iwekwe kwenye kila seva. Zana hizo ziliandikwa kwa ajili ya seva yenye yum au apt. Kwenye mfumo usioandikika lazima ziendeshwe kama kontena lenye mamlaka ya juu kwenye kila nodi, na si kila mtengenezaji ana toleo la namna hiyo. Inayotegemea moduli yake ya kerneli huenda isipakiwe kabisa. Nusu ya tatizo hili ni ya sera: kudai programu ya kufuatilia mabadiliko ya faili za mfumo ambazo kerneli tayari imezuia zisibadilike ni kulipia kazi moja mara mbili. Lakini mhandisi hawezi kumjibu mkaguzi hivyo bila maandishi mkononi, na kubadilisha sera huchukua muda mrefu kuliko kubadilisha seva.

Pili, kutambua tatizo. SSM inahitaji mtandao na ruhusa sahihi. Mtandao wa nodi ukiwa ndio ulioharibika, milango yote mitatu imefungwa. Jibu la kambi ya pili ni kwamba nodi mbovu iuawe na iletwe nyingine. Jibu hilo linafaa hitilafu ikiwa ya bahati mbaya. Ikiwa inajirudia kila baada ya siku mbili, kuua nodi ni kuua ushahidi. Anayehama bila kuwa na mahali pa kukusanyia kumbukumbu za mfumo na vipimo vyake, nje ya nodi, atajuta.

Tatu, uhuru wa kuchagua. Kwa kazi za akili unde, Bottlerocket ina aina zinazokuja na dreva za NVIDIA tayari, jambo linalorahisisha maisha. Lakini toleo la dreva limechaguliwa na aliyejenga imeji.

Ambacho wanaosita hawakisemi ni gharama ya ule uhuru waliouzoea. Yule mhandisi aliyebadilisha mstari mmoja usiku wa manane ameacha seva moja iliyo tofauti na wenzake hamsini. Baada ya mwaka, hakuna anayejua tofauti hizo ziko ngapi wala ziko wapi, na ndiyo maana watu wanaogopa kuzisasisha. Hofu ya kusasisha hutokana na mikono mingi kupita palepale.

Njia ya kati: Flatcar na viendelezi

Flatcar imechukua msimamo usio mkali. Folda ya /usr haiandikiki na ina nakala mbili kama ilivyokuwa CoreOS, programu ya kusakinishia vifurushi haipo, lakini SSH na bash vimebaki, na /etc inaandikika. Jambo jipya linalostahili kuangaliwa ni matumizi yake ya systemd-sysext. Ni imeji ndogo ya nyongeza ambayo mfumo unaifunika juu ya /usr wakati wa kuwaka, kana kwamba ilikuwemo tangu mwanzo. Unaweza kuongeza toleo lako la containerd, dreva, au ile zana ya mkaguzi, bila kuugusa mfumo wa chini. Ukiiondoa, mfumo unabaki kama ulivyokuwa.

Gharama yake ni kwamba sasa una vitu viwili vya kusasisha, msingi na nyongeza, na anayehakikisha vinakubaliana ni wewe. Ukirundika nyongeza kumi utakuwa umejenga upya Linux ya kawaida kwa njia ndefu zaidi.

Flatcar pia inajibu suala la umiliki, ambalo historia ya CoreOS inatulazimisha kuliuliza. Microsoft iliinunua Kinvolk mwaka 2021, lakini mradi umekabidhiwa kwa CNCF, taasisi inayolea Kubernetes. Bottlerocket ni programu huria, ila mwelekeo wake unaamuliwa na Amazon, na aina zake nyingi zimejengwa kwa ajili ya huduma za Amazon. Aliyeko EKS hana sababu ya kuogopa hilo leo. Anayepanga kuwa na seva zake mwenyewe anayo.

Na kwa Afrika Mashariki jambo hili si la nadharia. Sheria ya ulinzi wa data ya Kenya ya 2019 na ile ya Tanzania ya 2022 zote zinaweka masharti ya kusafirisha taarifa binafsi nje ya nchi, na taasisi kadhaa huona afadhali ziwe na mashine zake nyumbani. Mashine za nyumbani huchota masasisho kupitia nyaya za baharini. Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika siku moja kwenye pwani ya Afrika Kusini, intaneti ilizorota kuanzia Kenya hadi Tanzania na majirani zao. Mfumo unaojisasisha kwa kuchota imeji nzima kutoka Ulaya haufai mazingira hayo mpaka uwe na hifadhi ya ndani. Flatcar inaruhusu kuendesha seva yako ya masasisho, Nebraska, na huo ni uzito kwenye mizani ambao wahandisi wa Ulaya hawaupimi.

Penye kazi kweli: kuwasha upya

Mabishano kuhusu dirisha la amri yamefunika jambo zito zaidi. Mfumo wenye nakala mbili unasasishika vizuri, lakini sasisho halianzi kazi mpaka mashine iwashwe upya. Kwa hiyo faida yote inategemea kama huduma zako zinavumilia nodi kutoweka kwa dakika chache, mara kwa mara, bila mtu kuamka.

Zana za kusimamia hilo zipo. Bottlerocket ina programu ndani ya Kubernetes inayohamisha podi, kusasisha nodi, kuiwasha upya, kisha kwenda ya pili. Kwa kawaida nodi moja kwa wakati. EKS Auto Mode, iliyotoka Desemba 2024 ikitumia nodi zilizojengwa juu ya Bottlerocket, imekwenda mbali zaidi: hakuna nodi inayoishi zaidi ya siku 21, na SSH wala SSM hairuhusiwi kabisa.

Shida iko juu ya nodi. Huduma yenye nakala moja itakatika. Hifadhidata iliyofungwa kwenye diski ya mashine moja itakatika, na pengine isirudi salama. Huduma yenye sharti la kutoondolewa podi hata moja itazuia kazi nzima, sasisho litagoma, na baada ya mwezi kuna mtu atauzima usasishaji "kwa muda". Hapo timu itakuwa imelipa gharama zote za mfumo mpya, kuanzia zana zilizogoma hadi mafunzo na milango mitatu, na kubaki na mfumo usiosasishwa. Hali hiyo ni mbaya kuliko Amazon Linux 2023 inayosasishwa kila mwezi kwa kubadilisha nodi.

Tuchague nini

Kwa mtazamo wangu, timu iliyoko EKS, ambayo mipangilio yake yote iko kwenye hazina ya msimbo, kumbukumbu zake zinakusanywa nje ya nodi, na huduma zake zina nakala zaidi ya moja, haina sababu nzuri ya kutoichukua Bottlerocket. Faida kubwa itakayoipata ni masasisho yasiyo na hofu. Kukosekana kwa bash ni nyongeza.

Timu yenye zana za ukaguzi zinazotaka kusakinishwa kwenye seva iende Amazon Linux 2023, lakini ijiwekee tarehe ya kumaliza mazungumzo na mkaguzi. Bila tarehe, suluhisho la muda litadumu miaka mitano.

Kwa seva za nyumbani, au kwa anayetumia mawingu zaidi ya moja, Flatcar ni chaguo la busara zaidi kwa sasa, kwa sababu ya viendelezi vyake, seva yake ya masasisho na umiliki wake. Talos ni nzuri, tena kwa usafi wa muundo naiona imeipita Bottlerocket, lakini inadai timu iliyozoea kufanya kila kitu kwa API. Kwa wahandisi wawili wanaobeba pia kazi za mtandao na barua pepe, huo ni mkataba mzito.

Na mwenye hifadhidata moja kwenye nodi moja asibadilishe mfumo endeshi kwanza. Aanze na nakala za hifadhidata.

Kabla ya kusaini lolote, fanya jaribio moja: asubuhi ya siku ya kazi, watu wote wakiwa ofisini, zima nodi moja ya klasta yako kwa makusudi. Wateja wakiona, hapo ndipo pa kuanzia. Wasipoona, panga kuhama, maana msaada wa Amazon Linux 2 umepangiwa kukoma tarehe 30 Juni 2026.